Dawa Iko Kwenye Shina

Mtaani walimwita Daktari, na yeye hakuwahi kuwakatalia. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, mwenyewe hulikiri kila akikisimulia kisa hiki. Jirani akimletea mtoto mwenye kikohozi, alimwinamia, akamgusa paji la uso, akaguna kwa busara, kisha akasema, "Mpelekeni kituo cha afya." Ushauri mzuri, tena wa bure, na hakuna aliyewahi kufa kwa kuufuata. Lakini tusidanganyane: udaktari wake ulikuwa wa vitabuni, na wagonjwa wake wote walikuwa na mikia. Kazini, kwenye jengo la maabara lililo nyuma ya hospitali kubwa, hakuna aliyemwita Daktari. Walimwita Baba Panya, kwa kuwa kwa miaka sita alikuwa akiwalisha panya weupe, akiwapima uzito, akiwatoa tone la damu mkiani, na kuandika.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Dawa za saratani zina nguvu, na mionzi ina nguvu, ila vyote viwili havichagui: vikiingia mwilini kuua ugonjwa, vinazipiga pia zile seli zinazozaa damu ndani ya mifupa. Mtu anatibiwa uvimbe, huku damu inamwishia. Sasa pale maabara walikuwa na kichaka kimoja cha majani madogo machungu, na kitu fulani kilichokamuliwa kwenye majani hayo kilionekana kuwakinga panya na madhara hayo. Kilionekana. Mkuu wa maabara, mama mmoja mkali mwenye kalamu nyekundu, hakucheza na neno hilo. Kila Baba Panya alipompelekea ripoti ilirudi imechomekwa "huenda" kila mahali. Huenda kinakinga. Huenda kitasaidia. Ripoti moja ilirudi na "huenda" kumi na tisa, karatasi imewiva kama mtoto mwenye surua.

Basi siku moja wakaja watu wa redio. Walitaka mtu wa kueleza utafiti ule kwa Kiswahili chepesi. Mkuu alikuwa safarini, na Baba Panya akajitolea kabla hajaombwa. Siku tatu nzima alifanya mazoezi mbele ya kioo. Kilichomsumbua ni jina la zile seli zinazozaa damu. Alipekua kamusi ya kitaalamu akalipata: seli shina. Lilimpendeza mno! Zenyewe ndizo shina, na damu nyingine yote ni matawi. Ila hilo neno "seli" akaona litawachosha wasikilizaji, akalitupa.

Redioni alitoa sauti nzito ambayo hata yeye hakujua anayo. "Ndugu wasikilizaji," akasema, "siri yote iko kwenye shina. Ukilinda shina, umemlinda mgonjwa. Na mmea huu, ndugu zangu, ndio jibu." "Huenda" haikupita hata moja. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo lilivuma nchi nzima kwa dakika kumi na mbili, na marudio jioni.

Sasa, huyu bwana alikuwa na dada yake mkubwa, fundi cherehani wa sare za shule. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka saba na dada kumi na tisa. Dada ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, na herufi za kwanza alizijua kwa kidole cha dada kikimwonyesha maandishi kwenye pakiti za sindano. Wiki chache kabla ya mambo ya redio, dada aligunduliwa ana saratani ya titi. Akaanza kuwekewa dawa kwa dripu katika hospitali ile ile, kila baada ya wiki tatu. Nywele zikaondoka, hamu ya kula ikaondoka, na yeye akasema bora, sasa anaokoa mafuta ya nywele.

Kabla ya dripu ya nne, Jumatatu asubuhi, waliitwa na daktari bingwa. Alikuwa kijana mwenye miwani na sauti ya chini, na meza yake ilikuwa na mafaili mengi kiasi kwamba alilazimika kuyasogeza ili aonane na mgonjwa.

"Mama, nina habari mbili," akasema. "Ya kwanza nzuri. Uvimbe umepungua zaidi ya nusu."

"Alhamdulillahi," dada akasema. "Na ya pili?"

"Ini lako limeumia. Vipimo vimepanda mara nne. Mara nyingi mhusika ni dawa yenyewe, na ikiwa ni hivyo, itabidi niiache nikuwekee nyingine. Sasa hiyo nyingine, sikufichi, kwa uvimbe wa aina yako ni dhaifu. Sitaki kuiacha hii wakati inafanya kazi." Akavua miwani. "Kwa hiyo nakuuliza. Kuna kitu kingine unatumia? Vidonge vya dukani, miti shamba, chai ya majani yoyote?"

Dada akatazama viatu vyake. "Hapana, daktari."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Baba Panya akajiweka sawa kitini, akakunja nne. "Ondoa shaka kabisa, daktari. Mambo ya kuchemsha mizizi kwetu hayapo. Sisi ni familia ya sayansi."

Daktari akatabasamu kwa adabu, akaandika kwenye faili: hatumii dawa nyingine. Alhamisi, akasema, angekaa na wenzake waamue kuibadilisha. Mpaka leo, Baba Panya akifika hapa kwenye simulizi yake, hujipiga kofi la paji la uso, na si la mzaha.

Alimrudisha dada nyumbani. Ni vyumba viwili. Cherehani iko dirishani, na siku hiyo sare za bluu zilikuwa zimepangwa kitandani tayari kutiwa vifungo. Dada akaketi kupumzika, naye akaenda jikoni kutafuta chai. Akakuta chupa ya chai iko mezani, akamimina kikombe, akapiga funda kubwa. Alilitema lote kwenye karo.

Uchungu ule aliujua. Miaka sita alikuwa ameishi na harufu yake kwenye koti la kazi. Akaifungua chupa, akachungulia. Ndani vilikuwa vinaelea vijiti, vimekatwa kwa urefu mmoja, kazi safi ya fundi.

"Dada! Hiki ni nini?"

"Aa, umekiona?" Dada akaja mpaka mlangoni, uso umemchangamka. "Si dawa yako!"

"Dawa yangu ipi?"

"Ile ya redioni. Si ulisema siri iko kwenye shina? Nimechemsha shina. Na wala usihofu, majani nimeyachambua nikayatupa yote, halikuingia hata moja."

Baba Panya alitafuta pa kukaa, akapata ndoo iliyopinduliwa. "Umeyapata wapi mashina haya?"

"Kwa mtunza bustani wenu. Maskini ya Mungu, mtu mwema sana. Ananiwekea mfuko kila Ijumaa. Anasema miaka yote anawashangaa, watu wazima na makoti meupe, mnachukua majani na dawa yenyewe mnatupa. Aliposikia redio akasema, leo ndiyo wamezinduka."

Mashina yalikuwa yakitupwa kwa sababu maalumu. Mwaka wa kwanza waliyakamua wakawapa panya, na ndani ya wiki mbili masikio ya panya yakawa ya manjano. Walipopasuliwa, maini yalikuwa yameharibika vibaya. Aliyeandika hayo ni yeye mwenyewe, ukurasa wa thelathini na moja. Redioni hakuyagusa kwa sababu hayakuwa matamu.

"Unakunywa tangu lini?"

"Wiki ya tano hii. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Tena imesaidia! Wenzangu wawili wa kwenye benchi wameahirishiwa dripu, damu imeshuka mno. Mimi hata mara moja."

Na hapa, msomaji, ndipo penye aibu yenyewe. Mtu mwingine angemkumbatia dada yake, au angelia. Baba Panya moyo ulimruka kwa furaha. "Kweli? Seli nyeupe walikwambia ngapi?" Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni, kalamu imeshatoka, na nyuma ya kadi ya kliniki alikuwa ameshaandika: mgonjwa mmoja, mwanamke, miaka 51.

"Unaniandika?" dada akauliza.

"Hapana, dada."

"Umeandika 'mgonjwa mmoja'. Naona. Hizo herufi mimi ndiye niliyekufundisha."

Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ilikuwa ya saruji. Akaikunja ile kadi, akairudisha mfukoni, akaanza kueleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, kama mwanafunzi aliyekutwa na jibu la mwenzake. Shina alilolisema si la mti. Ni la damu, liko ndani ya mifupa. Dawa, kama ipo, iko kwenye majani.

"Sasa kwa nini ukaliita shina?"

"Ndilo jina lake, dada."

"Shina ni shina. Mteja akiniambia shona mkono, sishoni kola." Akafikiri kidogo. "Haya, hakijaharibika kitu. Kesho nitachemsha majani."

"Usichemshe chochote!"

"Kwani panya wako si walipona?"

"Kati ya kumi tuliowapa, saba walibaki hai. Ambao hatukuwapa, watatu."

"Si ndiyo hiyo! Saba kwa kumi ni wengi. Walikuwa na saratani ya wapi?"

Baba Panya akajikuna kichwa. "Hawakuwa na saratani."

"Walikuwa wanaumwa nini?"

"Hawaumwi, dada. Walikuwa wazima. Sisi ndio tuliowapiga mionzi."

Dada akamkazia macho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika mlango, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka na kipara kikabaki kinang'aa. "Yaani mnamchukua kiumbe wa watu hana hili wala lile, mnamuumiza wenyewe, halafu mnajisifu hawakufa wote? Mimi nikichana sare ya mtoto ili nionyeshe najua kutia kiraka, mzazi atanielewa? Miaka sita! Na mimi huku naringa mtaani, mdogo wangu anatibu saratani!"

Naye akacheka, hana ujanja. Kisha akasema kesho yake waende wote kwa daktari wakamweleze. Kicheko cha dada kikakatika papo hapo.

"Hatumwelezi mtu. Nimeshaacha, basi, yamekwisha."

"Dada, hayajaisha. Alhamisi anabadilisha dawa. Anadhani dripu ndiyo inayokula ini. Tukinyamaza, atakuondolea ile inayokuponya, akupe dhaifu."

"Hiyo dhaifu itanitosha. Na tukisema, wewe je? Mti umetoka kazini kwako, maneno yametoka mdomoni kwako. Watakufukuza. Sikuchakaza magoti kwenye cherehani hii ili wewe ufukuzwe kazi kwa ajili ya vijiti." Akaichukua chupa ya chai, akaimwaga yote kwenye karo, akaisuuza. "Ushahidi umekwenda na maji. Rudi kazini."

Tusimpambe. Alirudi kazini, tena alirudi na nafuu moyoni. Jumanne yote alikaa mbele ya panya wake akitunga uongo wa kisomi. Angeweza kumpigia daktari simu kwa sauti nyingine. Angeweza kusema ni jirani aliyemletea dada chai ya ajabu. Angeweza kumwomba daktari asubiri wiki mbili, bila kueleza kwa nini, yaani kama mtafiti kwa mtafiti. Kila uongo aliuona umekaa vizuri hadi alipoufikisha mwisho, na mwisho wake kila mara ulikuwa uleule: dada anawekewa dawa dhaifu, uvimbe unarudi, na yeye anabaki na kazi yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila wahenga hawakutaja ndugu wa mgonjwa anayeficha ili kifo kimuumbue mwingine. Aliogopa kufukuzwa. Aliogopa zaidi kucheka tena na mtu yeyote duniani kama alivyocheka na dada jana yake, huku anajua alichomfanyia.

Jumatano asubuhi alimwendea mtunza bustani, akachukua mashina mabichi kwenye mfuko, akachapisha ukurasa wa thelathini na moja, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Alisubiri saa mbili. Mama mmoja pembeni yake alimtazama, akamuuliza, "Wewe ndiye yule wa redioni?" Akajibu kwamba amemfananisha.

"Mtafiti mwenzangu, karibu," daktari bingwa akasema.

Akaweka mfuko mezani, juu ya mafaili. "Juzi nilikwambia sisi ni familia ya sayansi. Sayansi yenyewe ndiyo hii." Akaeleza yote bila kujipunguzia: redio, shina, mtunza bustani, vikombe viwili kwa siku. Hata ile kadi aliyoiandika nyuma aliitoa akaionyesha.

Daktari akanusa kijiti kimoja. Akausoma ukurasa, akarudia. "Mama alisema hatumii kitu."

"Alikuwa ananikinga mimi."

"Na wewe ulisema hatumii kitu."

"Mimi nilikuwa najisifu. Sikumuuliza."

"Nakala ya haya naipeleka kwa mkuu wako," daktari akasema. "Sina hiari, wagonjwa wengine nao wamesikia redio hiyo."

"Najua."

"Umechelewa wiki tano." Akavuta faili la dada, akakata mstari kwenye yale aliyoyaandika Jumatatu. "Ila umewahi siku moja. Dawa haibadilishwi. Tunasimamisha dripu, tunasubiri ini, tunapima tena."

Mkuu wa maabara hakumfukuza. Alimtoa kwenye kundi lililokuwa likiandaa utafiti wa kwanza kwa binadamu, jambo alilokuwa akiliota kwa miaka sita, akamzuia kusogelea kipaza sauti chochote, hata cha harusini. Kisha akampa kazi ya kuandika karatasi moja ya kubandikwa kwenye mabenchi ya wagonjwa: usichemshe, usinywe, na ukishakunywa, mwambie daktari. Mtunza bustani akaamriwa kuchoma mashina. Aliyachoma, lakini kwa uso wa mtu anayeona mali ikiteketea.

Aliyemwadhibu hasa ni dada. Alijua mdogo wake amekwenda kwa daktari kinyemela, akamnunia. Baba Panya alifika kila jioni na mfuko wa matunda, akafunguliwa mlango, akapokewa matunda, akafungiwa mlango. Wiki mbili hivyo. Vipimo vya kwanza ini likashuka kidogo. Vya pili likashuka sana. Daktari akasema dripu iendelee, dawa ile ile.

Siku hiyo alimsindikiza bila kualikwa. Chumba cha dripu kilikuwa na viti vya kuegemea sita, na katikati nesi mmoja aliyekuwa akipita haraka kutoka chupa hadi chupa. Dada akachomwa sindano, akafumba macho. Yeye akakaa kwenye kiti cha plastiki, magoti yamegusana. Matone yakaanza kushuka.

"Wamekufukuza?" dada akauliza, macho bado yamefumba.

"Hapana. Wamenitoa kwenye lile kundi."

"Nilikwambia."

"Dada, nisamehe. Nimekunywesha sumu kwa mdomo wangu."

"Nani kaninywesha? Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

Akafumbua macho. "Kwamba si dawa. Wiki ya kwanza tu nilijua. Nilikuwa nikimaliza kikombe tumbo linaniuma, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Mimi si mjinga. Nilijua ni maneno yako tu, umefurahi ukapitiliza, kama ulivyokuwa ukipitiliza tangu mdogo."

"Lakini ulisema imesaidia! Ulichangamka kabisa!"

"Ulikuwa umekaa juu ya ndoo, uso umekushuka. Ulitaka niseme nini?"

"Sasa ulikuwa unakunywa ya nini, dada? Wiki tano!"

Dada akarekebisha mkono wenye sindano, polepole, kisha akamtazama vizuri. "Nilifikiri hivi. Nikifa bila kuionja dawa yako, utajilaumu mpaka uzeeni. Nakujua. Kila siku utakuwa unasema, dada angekunywa angepona. Utazeeka na hilo peke yako, na mimi sipo kukunyamazisha. Nikasema, ngoja ninywe. Nikipona, sifa zako. Nikifa, utajua kila ulichonipa nilikitumia."

Baba Panya alijaribu kuzuia. Aliuma midomo, akatazama dari, akahesabu matone. Halafu kilio kikamtoka, si kile cha kiume cha kupangusa jicho moja, bali kile kikubwa cha mabega na kamasi, mpaka wagonjwa wote watano wakageuka na chupa zao. Nesi akaja mbio.

"Kuna nini hapa? Mgonjwa ni nani?"

"Mgonjwa ni mimi," dada akasema, na mkono wake ulio huru ukashika kichwa cha mdogo wake. "Huyu mletee maji tu. Ni mwanangu, hajazoea hospitali."